Ukipewa ofa ya kutraveli, pigia hesabu wiki mbaya kwanza

Simu za marikruta wa ejensi za traveli, yaani wanaotafutia hospitali manesi wa mikataba ya wiki chache, huwa zinakuja umelala. Umetoka shifti ya usiku saa moja na nusu asubuhi, umeoga, umevuta mapazia, saa tano hivi simu inaita namba huijui, unapokea na sauti ya usingizi, kumbe ni rikruta, mchangamfu balaa, ana ofa nzuri sana, telemetri (wodi ya kufuatilia mapigo ya moyo), usiku, wiki 13, dola 2,110 kwa wiki, ila nafasi zimebaki mbili tu, nikupeleke sasa hivi au vipi? Na we kwa usingizi ule ule unasema haya nipeleke.

Mi nilisema haya nipeleke. Mkataba wangu wa kwanza wa kutraveli hapa Marekani niliusaini kwenye simu, kwa kidole, nimesimama jikoni, kurasa kumi na moja nimezishusha kama mtu anayeangalia picha za harusi ya watu asiowajua. Wiki ya tatu, saa kumi na dakika arobaini jioni, skrabu nimeshapiga pasi, chakula kiko kwenye kontena, napigiwa na ofisi ya ratiba kwamba wagonjwa wamepungua usije leo. Nikasema asante nikarudi kitandani, nikajiona nimepata bahati. Wiki iliyofuata nafungua pei slipu nakuta pungufu ya dola mia saba na kitu. Sio mshahara wa ile shifti tu, hadi posho ya nyumba wameikata, na mwenye nyumba mi nimeshamlipa mwezi mzima, yeye habari za wagonjwa kupungua hazimhusu.

Nikampigia dada mmoja aliyenitangulia kwenye hizi kazi, nalalamika. Akacheka kwanza, alafu akasema, "Mdogo wangu, we uliuliza wiki inalipa ngapi. Wiki mbaya inalipa ngapi uliuliza?" Sikuwa nimeuliza, na kwenye mkataba ilikuwa imeandikwa kabisa, ukurasa wa sita.

Tangu siku hiyo ofa nazisoma kinyume, naanzia kwenye siku ambayo mambo yameharibika. Hivi ndo ninavyofanya, hatua kwa hatua. Nachukulia we ni RN (nesi aliyesajiliwa), una leseni, una kibali cha kufanya kazi popote na una mwaka mmoja au miwili ya uzoefu. Kama uliletwa na mwajiri kwa njia ya EB-3 (grini kadi ya kupitia ajira) na bado uko ndani ya ule mkataba wako wa miaka miwili au mitatu, soma tu ujue, ila usiguse ofa ya mtu kabla hujaongea na wakili wa uhamiaji, maana kuuvunja ule kunaweza kukuletea madai ya hela nyingi.

Hatua ya 1: Usikubali kupelekwa hospitali usiyoijua jina

Rikruta akisema nikupeleke, maana yake anatuma faili lako hospitali kwa jina la ejensi yake. Ejensi tatu zinaweza kuwa na nafasi ile ile moja, na ukipelekwa na mbili kwa mpigo hospitali nyingi zinakutupa nje kabisa, hawana muda wa kuamua wewe ni wa nani. Kwa hiyo muulize jina la hospitali, yuniti gani, tarehe ya kuanza, usiku au mchana, na umwambie asikupeleke mpaka umjibu kwa maandishi. Akikataa kutaja hospitali basi hapo hamna ofa, kuna mtu anatafuta faili.

Alafu mwambie akutumie mchanganuo wa malipo kwa imeili au meseji. Sio "elfu mbili mia moja kwa wiki", hiyo ni kama mtu kukwambia nyumba ni kubwa. Unataka hivi vitu: malipo ya saa yanayokatwa kodi, posho ya nyumba, posho ya chakula, malipo ya ovataimu, malipo ya on koli (kukaa nyumbani ukisubiri kuitwa) na ya kuitwa, nauli, saa ngapi kwa wiki, na saa ngapi zina garantii. Rikruta mzuri anatuma ndani ya dakika kumi, anayo mbele yake kwenye skrini. Anayezunguka zunguka mwache azunguke.

Na hii ya "nafasi zimebaki mbili" ni kweli wakati mwingine, nafasi zinajaa haraka hasa kwenye miji ambayo kila mtu anaitaka. Lakini nusu saa ya kusoma sijawahi kuona imemkosesha mtu kazi ambayo alipaswa kuwa nayo.

Hatua ya 2: Vunja namba ya wiki vipande vipande

Chukua ile ofa ya dola 2,110, saa 36 kwa wiki yaani shifti tatu za saa 12. Ndani yake mara nyingi kuna kitu kama hiki: dola 24 kwa saa ndo mshahara wenyewe, unaokatwa kodi, mara 36 ni 864. Zinazobaki 1,246 ni posho, na zenyewe hazikatwi kodi kama unastahili (kustahili nakuja, msikimbie). Hiyo 1,246 haijatoka hewani. Serikali kupitia idara yake ya GSA inapanga viwango vya posho za safari kwa kila eneo, na eneo ambalo halina kiwango chake lenyewe linatumia kile cha kawaida, ambacho kwa mwaka wa fedha 2025 kilikuwa dola 110 kwa usiku za malazi na dola 68 kwa siku za chakula na vidogo vidogo. Zidisha kwa siku saba unapata 770 na 476, jumla 1,246. Miji mikubwa viwango vinapanda. Vipo kwenye tovuti ya GSA, unaandika jina la mji tu. Ila ujue hicho ni kiwango cha juu cha kutokatwa kodi, sio haki yako, ejensi inaweza kukupa nusu yake na isiwe imevunja sheria yoyote.

Sasa gawanya 2,110 kwa 36, unapata kama dola 58.60 kwa saa. Hiyo namba andika pembeni, ndo ya kulinganishia ofa na ofa, maana ofa ya 2,500 kwa saa 48 inang'aa lakini saa yake ni dola 52, umefanya shifti nzima zaidi kwa saa ya bei ya chini.

Alafu njoo kwenye ovataimu, hapa ndo wengi tunapigwa tukiwa tunacheka. Chaji nesi, kiongozi wa shifti, anakupigia, tafadhali njoo shifti ya nne, na we unawaza saa 12 kwa dola 58 ile ni hela. Sio. Sheria ya nchi nzima inasema ovataimu ni baada ya saa 40 kwa wiki, mara moja na nusu. Una 36 tayari, kwa hiyo saa nne za kwanza unalipwa 24, nane zinazofuata 36, jumla dola 384. Gawanya kwa 12, ni dola 32 kwa saa. Shifti ya nne, ile ambayo mgongo umeshakataa, inalipa karibu nusu ya zile tatu za kwanza! Kama unajua utapenda kufanya shifti za ziada basi kabla ya kusaini omba saa ya ziada iwe na bei yake kwenye mkataba, dola 70 au 75 au mnavyokubaliana. Ejensi nyingi zinaweza, ila hazikwambii kama hujauliza.

Kuna kitu watu hawakijui hapa. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya kanda ya 9, ile ya majimbo ya magharibi, iliamua kwenye kesi ya Clarke dhidi ya AMN Services kwamba posho inayopanda na kushuka kulingana na saa ulizofanya kimsingi ni malipo ya kazi, na inatakiwa iingie kwenye hesabu ya ovataimu. Kwa hiyo kama uko huko na mkataba unakukatia posho kwa kila saa uliyokosa, hilo swali ni halali kabisa kumuuliza rikruta. Na California yenyewe kawaida yake ovataimu inaanza baada ya saa 8 kwa siku, ila hospitali nyingi zina utaratibu mbadala wa shifti za saa 12, uliza uko upande gani.

La mwisho kwenye namba: usifurahie sana mshahara wa saa kuwa mdogo na posho kuwa kubwa. Mkononi zinaingia nyingi ndiyo, lakini Social Security (pensheni ya serikali), mafao ya kukosa kazi, fidia ukiumia mgongo kazini, hata benki ikikupimia mkopo wa nyumba, vyote mara nyingi vinaangalia ule mshahara mdogo. Ofa ya RN yenye dola 15 kwa saa na posho kibao mi naikimbia.

Hatua ya 3: Sasa piga hesabu ya wiki mbaya

Tafuta kwenye mkataba neno la saa za garantii. Kama halipo, huna garantii, hata kama rikruta amesema "hawafutagi shifti hao, usijali". Kama lipo, usiishie kwenye ile sentensi, soma ya pili na ya tatu. Yangu ilisema saa 36 kwa wiki zina garantii, alafu aya mbili chini ikasema hospitali inaweza kufuta shifti moja katika kila wiki mbili bila kulipa. Sasa hiyo garantii ni ya nini? Ni mwavuli wenye tundu katikati.

Ile ya dola 2,110, wakifuta shifti moja na posho inakatwa kwa saa, unapoteza theluthi nzima ya wiki, dola 703. Unabaki na 1,407 kabla ya kodi na nyumba bado unadaiwa. Wakiitumia ile nafasi yao kila wiki mbili, kwa wiki 13 ni mara sita, dola 4,220 hivi zimeondoka. Mkataba uliodhani ni wa 27,430 umekuwa wa 23,210, yaani wiki yako ya kweli ni dola 1,785. Hiyo ndo namba ya kumuuliza mwenzio "nichukue?", sio ile ya kwenye simu. Kama kwa 1,785 bado unalipa nyumba, bado unatuma nyumbani, bado unaweka kidogo, basi ofa ni nzuri, chukua, na wasipofuta ni faida. Kama kwa 1,785 unaanza kukopa, achana nayo hata kama ni mji ulioota siku zote.

Maswali ya kuuliza hapa, na majibu yake yaandikwe: Wanaweza kufuta shifti ngapi? Masaa mangapi kabla? Ukishafika kazini wakakurudisha, unalipwa saa ngapi? Ikifutwa, posho inakatwa au inabaki? Wakikuweka on koli badala ya kukufuta unalipwa shilingi ngapi kwa saa (shilingi, mazoea, dola nimemaanisha)? Na ukiumwa wewe mwenyewe je? Kuna mikataba ambayo ukikosa shifti, mbali na kutolipwa, wanakukata faini ya kila saa uliyokosa kwa ajili ya nyumba, kwa hiyo homa ya siku mbili unailipia mara mbili.

Mi sahivi naomba sentensi moja iongezwe, kwamba shifti ikifutwa na hospitali posho zangu za wiki hazikatwi. Mara nyingine wanakubali, mara nyingine wanakubali nusu, wengine wanakataa. Anayekataa angalau nimeshajua bei yake.

Hatua ya 4: Posho bila kodi, unastahili kweli?

Kiswahili hapa kinatuchanganya kidogo maana kodi ya serikali ni kodi na kodi ya nyumba ni kodi, na bahati mbaya ili usikatwe ya kwanza lazima uwe unalipa ya pili sehemu mbili. Ndo mantiki yote. Posho haikatwi kodi kwa sababu umeacha nyumba yako unayoigharamia ukaenda kugharamia nyingine kwa ajili ya kazi. Kama huna nyumba ya kwanza, hamna gharama unayoilipa mara mbili, na posho yote inakuwa mshahara.

IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wanaangalia mambo matatu: kama unafanya kazi kiasi fulani kwenye eneo la makazi yako na unakaa hapo ukiwa unafanya, kama unalipa gharama za pale nyumbani huku unalipa na za kule ulikoenda, na kama hujaliacha eneo lile, yaani familia yako iko pale au unarudi na kuitumia ile nyumba mara kwa mara. Ukiwa na yote matatu uko vizuri. Mawili, inategemea mazingira. Moja tu, we kwao ni mtu wa kuhamahama na makazi yako ya kikodi ni popote unapofanya kazi, posho zako zote zinakatwa.

Kuweka mabegi kwa binamu yako na kutumia anwani yake kupokea barua sio makazi. Kumlipa kodi halali ya chumba, kwa benki, na kurudi pale kati ya mikataba, hapo sawa. Na ile habari ya maili 50 kwamba ukivuka tu basi umestahili, hiyo sio sheria ya IRS, ni kanuni za hospitali na ejensi zenyewe, kipimo halisi ni kama kazi inakulazimu kulala huko. Pia ukijua kazi ya sehemu moja itazidi mwaka mmoja, hiyo sio ya muda tena, posho zinaanza kukatwa, kwa hiyo hao wanaoongeza mkataba na kuongeza hospitali ile ile angalieni kalenda.

Ejensi itakupa karatasi ya kutangaza kwamba una makazi ya kikodi. Ukisaini uongo, IRS wakija wanakuja kwako kwanza. Kama huna, sema huna, lipwa yote kama mshahara, na hapo ofa uipime upya maana 2,110 inayokatwa kodi yote ni hela nyingine kabisa. Mtu wa mahesabu anayejua mambo ya traveli manesi mlipe, hii ni moja ya hela chache ambazo sijawahi kuzijutia.

Na usidanganyike kwamba gharama zingine utazidai mwisho wa mwaka. Tangu mwaka 2018 mwajiriwa wa W-2 (anayekatwa kodi na mwajiri kwenye mshahara) hawezi tena kupunguza mafuta, nauli, skrabu na leseni kwenye kodi ya shirikisho. Ndo maana nauli na ada ya leseni unazidai kwa ejensi ndani ya mkataba. Ofa ikisema utalipwa kwa 1099, yaani kama mtu aliyejiajiri, jua utalipa mwenyewe asilimia 15.3 ya kodi ya kujiajiri juu ya kodi ya mapato, huna fidia ya ejensi ukiumia, kwa hiyo bei yake lazima iwe juu sana ndo muanze kuongea.

Hatua ya 5: Leseni

Fupi. Kama makazi yako yako kwenye jimbo la Compact (umoja wa majimbo yanayotambuana leseni za manesi) na una leseni ya majimbo mengi, unaweza kufanya kazi kwenye majimbo yote ya umoja huo, ni mengi sana sasa, lakini California, New York na Oregon hayamo, na hayo ndo mengi yanayoitwa kwenye simu za saa tano asubuhi. Leseni ya California kwa mtu wa nje inaweza kuchukua wiki nyingi, kwa hiyo tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye mkataba bila leseni mkononi ni ndoto. Hakiki ya kwako kwenye Nursys, tovuti ya leseni za manesi, ni bure. Na ukihamisha makazi kutoka jimbo moja la Compact kwenda jingine una siku 60 za kuomba ya huko, kanuni hiyo imeanza Januari 2024.

Hatua ya 6: Simu ya manaja wa yuniti ni intavyuu yako pia

Hospitali nyingi siku hizi manaja anakupigia dakika kumi na tano, wengine hawapigi hata, wanakuchukua kwa karatasi tu. Ambaye hapigi, omba apige. Mtu ambaye hataki kuongea na wewe dakika kumi kabla, siku ukizidiwa na wagonjwa saa tisa usiku utampata wapi?

Usimuulize "yuniti yenu ikoje", atakwambia sisi ni familia. Muulize vitu vyenye namba. Jana usiku kila nesi alikuwa na wagonjwa wangapi? Jana, sio kawaida, maana kawaida kila mtu ana yake. California sheria ya idadi ilianza kutumika mwaka 2004 na leo wodi ya kawaida ni wagonjwa 5 kwa nesi, telemetri 4, ICU (wagonjwa mahututi) 2. Majimbo mengi hayana sheria ya hivyo, unaweza kukuta telemetri ya wagonjwa sita au saba kwa nesi. Muulize traveli wangapi wako pale sasa hivi na wangapi wameongeza mkataba. Nikisikia nusu ya yuniti ni traveli na hakuna aliyeongeza, mi nashukuru nakata simu. Muulize orientesheni siku ngapi, mfumo wa kompyuta wa rekodi za wagonjwa ni Epic au Meditech au nini, na msaidizi wa nesi wako wangapi usiku.

Alafu kufloti, yaani kupelekwa yuniti nyingine kuziba pengo. Traveli ndo anaflotiwa wa kwanza, hiyo kubali tu. Ila kufloti wapi? Mi ni mtu wa telemetri, ukinipeleka wodi ya kawaida sawa, ukinipeleka hospitali dada iliyo maili 30, au ICU, hapana. Nilishawahi kuambiwa na manaja kwamba "hatufloti sana", nikaenda, mkataba unasema "kulingana na mahitaji ya mteja", na usiku wa pili nikawa niko jengo jingine sijui hata choo kilipo. Kwa hiyo ulichoambiwa kwenye simu kiandikie rikruta imeili ile ile saa: manaja amenihakikishia kufloti ni ndani ya jengo hili na ndani ya uwezo wangu tu, naomba iongezwe kwenye mkataba. Kisipoingia, hakijasemwa.

Vile vile siku zako za kupumzika. Una harusi ya mdogo wako wiki ya nane? Itaje kabla, iandikwe na tarehe. Ukifika ndo ukaomba, manaja atakuangalia tu.

Hatua ya 7: Kaa chini na kurasa zote

Sasa mkataba umekuja. Sio kwenye simu, fungua kwenye kompyuta au uprinti, na uusome na kalamu. Kwanza linganisha kila namba na ile imeili ya mchanganuo, moja moja, nimeshakuta dola 24 imekuwa 22 na rikruta akasema "oh, kosa la uchapaji". Kosa la uchapaji huwa halipandi juu, sijui kwa nini.

Tafuta nani anaweza kuuvunja na kwa notisi gani. Mara nyingi hospitali inaweza kukuacha na wiki mbili au bila hata notisi, wakati wewe ukiondoka mapema kuna faini. Hiyo hali haiko sawa ila ndo ilivyo, unachoweza ni kujaribu kupunguza, kwa mfano faini isiwepo kama umeondoka kwa usalama wa wagonjwa au dharura ya familia, na wao wakivunja bila kosa lako wakulipe angalau wiki moja au mbili. Tafuta pia kama wanaruhusiwa kubadilisha malipo katikati. Waliokuwepo mwaka 2022 wanajua, bei ziliposhuka manesi wengi waliambiwa katikati ya mkataba wakubali kiwango kipya au waondoke. Kama sentensi hiyo ipo, iombe itoke.

Bonasi ya kumaliza mkataba mi huwa naihesabu kama sifuri, inategemea usikose shifti hata moja. Bima ya afya uliza inaanza siku ya kwanza au mwezi unaofuata, na inaisha lini mkataba ukiisha, maana wiki tatu katikati ya mikataba bila bima ukianguka ngazi hospitali utapelekwa kama mgonjwa na bili utaiona. Bima ya makosa ya kazi ejensi inakuwa nayo, ila ya kwako binafsi kuwa nayo ni bei ndogo kwa mwaka na inakutetea wewe, sio wao. Kipimo cha dawa za kulevya, TB, fizikali (kupimwa afya), kozi ya ACLS (ya kuokoa mtu moyo ukisimama) kama cheti kimeisha muda, nani analipa? Moduli za mtandaoni za saa nane kabla ya kuanza, zinalipwa? Hivi ni vidogo ila vikikusanyika ni nauli.

Ejensi yenyewe iangalie kama ina cheti cha Joint Commission cha makampuni ya wafanyakazi wa afya, haina maana ni malaika ila angalau kuna mtu amewakagua.

Hatua ya 8: Jibu

Kama kuna vya kubadilisha, usipige, andika. Kitu kifupi kama hiki kinatosha: "Asante kwa ofa, naipenda. Kabla sijasaini naomba haya manne yaingie kwenye mkataba: posho zisikatwe hospitali ikifuta shifti, saa ya ziada iwe dola 72, kufloti ndani ya jengo tu na ndani ya telemetri au wodi ya kawaida, na tarehe 14 hadi 17 niwe off. Nikipokea ulioboreshwa nasaini leo leo." Omba manne utapata mawili au matatu. Hela anayolipa hospitali kwa ejensi kwa saa yako ina mipaka yake, kwa hiyo ukiongezewa hapa mara nyingine watapunguza pale, rudia hesabu ya hatua ya 2 na ya 3 kwa mkataba mpya, usisaini kwa furaha ya kukubaliwa.

Ukishasaini, omba nakala yenye sahihi za pande zote mbili, weka PDF kwenye imeili yako, sio kwenye mfumo wao tu, maana mkikosana pasiwedi huwa inaacha kufanya kazi. Nyumba usilipe kabla ya hiyo nakala kufika, na hata ikifika lipia wiki mbili au mwezi mmoja, usilipe miezi mitatu kwa mpigo hata wakikupa punguzo, na usimtumie hela mtu ambaye hajakuonyesha ndani ya nyumba kwa video akiwa anatembea. Alafu zima simu, vuta mapazia, ulale.